Kesi ya ngedere, hakimu nyani: Funzo kutoka kriketi ya Afrika Kusini

KUNA swali moja ambalo kila jumuiya yenye mfuko wa pamoja hulikuta mlangoni, ipende isipende. Je, mtu aliyekabidhiwa amana anaweza kuwa yeye huyohuyo mkaguzi wa amana hiyo? Na akikataa kukaguliwa, nani mwenye haki ya kumwingilia bila ya kuambiwa kwamba amevunja uhuru wa jumuiya?

Leo nataka tulitazame swali hili kupitia mchezo wa kriketi, na hasa kupitia chama cha kriketi cha Afrika Kusini (CSA). Najua wapo watakaosema kwamba kriketi ni mchezo wa Wahindi na Waingereza, unachezwa Gymkhana na pale Annadil Burhani, na wala hautuhusu sisi wengine. Nawaomba wavute subira. Yaliyotokea Afrika Kusini kati ya mwaka 1991 na leo ni darasa la uongozi ambalo mwenye kuongoza hata kikundi cha kuzikana atajiona ndani yake.

Deni la kihistoria

Mwaka 1968 serikali ya makaburu chini ya Waziri Mkuu John Vorster ilikataa kuipokea timu ya Uingereza kwa sababu ndani yake alikuwemo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye ngozi yake haikuwa nyeupe. Ziara ikafutwa. Kuanzia mwaka 1970 Afrika Kusini ikatengwa katika kriketi ya kimataifa, na kutengwa huko kukadumu hadi 1991.

Ndani ya nchi yenyewe, aliyesimama imara ni Hassan Howa, Muislamu wa Cape Town, aliyeongoza bodi ya wachezaji wasio wazungu. Makaburu walipoanza kulegeza kamba kidogo kwa kuruhusu mechi mchanganyiko ili wafunguliwe milango ya dunia, Howa alikataa. Msimamo wake ulikuwa mwepesi kueleweka: huwezi kuwa na mchezo wa kawaida katika jamii ambayo si ya kawaida. Mtoto anayecheza na mzungu Jumamosi halafu Jumatatu anakatazwa kukaa naye darasa moja, huyo hajatendewa haki, amepambwa tu.

Sisi Tanzania tulikuwa na mchango wetu katika mapambano hayo, na tuliulipia. Mwaka 1976 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizosusia michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Filbert Bayi, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Kwa hiyo tunapouliza leo ni nini kilifanyika na ushindi ule, hatuulizi kama wapita njia.

Tarehe 29 Juni 1991 vyama viwili, cha wazungu na cha wasio wazungu, viliunganishwa kuwa chama kimoja. Mwezi Novemba mwaka huohuo timu ilikwenda Kolkata kucheza na India. Dunia ikashangilia. Lakini chama kipya kilizaliwa na madeni mawili. La kwanza ni haki uwanjani: nani anacheza. La pili ni haki ofisini: nani anatawala na nani anamkagua. Hoja yangu ni kwamba madeni haya mawili hayalipiki kimojakimoja. Anayejidai kulipa moja huku anakwepa jingine, mwisho hulipa hewa.

Deni la uwanjani

Makhaya Ntini alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi za Testi, zile za siku tano, mwaka 1998. Alimaliza akiwa na wiketi 390. Mtu wa namna hiyo ungedhani alikuwa mfalme katika timu. Mwaka 2020 alisimulia kwamba alikuwa akimpa dereva wa basi begi lake, kisha yeye anakimbia kwa miguu kutoka hotelini hadi uwanjani, na kurudi hivyohivyo. Watu walidhani anajenga pumzi. Kumbe alikuwa anaukimbia upweke wa ndani ya basi, maana akikaa mbele wenzake wanakwenda nyuma, na akikaa nyuma wanahamia mbele. Mwaka uliofuata, mbele ya baraza la uchunguzi lililoongozwa na wakili Dumisa Ntsebeza, Paul Adams alieleza jinsi wachezaji wenzake walivyokuwa wakimwita kwa jina la kashfa lenye kutaja rangi yake, na kuliimba katika sherehe za ushindi.

Ndipo tunapoelewa kwa nini iliwekwa idadi maalumu. Kuanzia mwaka 2016 timu ya taifa ilitakiwa, kwa wastani wa msimu, iwe na wachezaji 6 wasio wazungu kati ya 11, na miongoni mwao Waafrika weusi wasiopungua 2. Wapo waliopinga wakisema: tuangalie sifa tu, rangi isiulizwe. Maneno mazuri kwa sikio. Lakini sifa haidondoki kutoka mbinguni. Sifa ya mpigaji inatokana na uwanja uliosawazishwa, kocha, vifaa vya bei kubwa na Jumamosi nyingi za mechi. Ukimnyima mtoto vyote hivyo kwa miaka mia, halafu siku moja ukamwambia njoo tushindane kwa sifa, huo si uadilifu. Ni dhulma ileile iliyobadilishiwa kanzu.

Hata hivyo, upande wa pili nao una la kusema. Tarehe 24 Machi 2015, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Auckland, Vernon Philander alichezeshwa badala ya Kyle Abbott ambaye alikuwa katika kiwango kizuri, wakati Philander alikuwa anatoka kwenye maumivu. Afrika Kusini ikafungwa na New Zealand. Ilidaiwa kwamba ofisi ilishinikiza ili idadi itimie, na viongozi wakakanusha. Tuyaache madai. Tutazame hali ya Philander mwenyewe: mrushaji mahiri, aliyekwishathibitisha uwezo wake duniani, sasa anatazamwa kama tarakimu. Sera iliyokusudiwa kumwinua ikamwachia doa la shaka ambalo hakulistahili.

Tufanye nini basi? Tuufute utaratibu au tuushike? Naona swali hilo limeulizwa vibaya. Swali la kweli ni kwa nini, robo karne baada ya 1991, bado ililazimu kuhesabu watu pale juu kabisa. Temba Bavuma alizaliwa Langa, kitongoji cha weusi Cape Town, lakini alisomea shule zenye majina. Lungi Ngidi alipata ufadhili katika shule ya Hilton. Kagiso Rabada alipita St Stithians. Hawa ni vijana bora, lakini tazama njia waliyopita: mlango mwembamba wa shule chache za wenye nacho. Mtoto wa Langa asiyepata ufadhili anabaki wapi? Kuhesabu wachezaji 11 wa timu ya taifa ni kazi ya dakika moja. Kujenga viwanja, kulipa makocha na kusimamia ligi za vitongojini ni kazi ya miaka ishirini, na inahitaji fedha zinazojulikana zimeingia wapi na zimetokea wapi. Hapo ndipo deni la kwanza linapotupeleka kwenye la pili.

Deni la ofisini

Mwaka 2009 India ilikuwa na uchaguzi mkuu, hivyo ligi yake tajiri ya IPL ikahamishiwa Afrika Kusini. Fedha zikaingia. Baadaye ikabainika kwamba bonasi za karibu randi milioni 4.7 zilikuwa zimelipwa kwa watendaji na wafanyakazi wa chama, mkurugenzi mtendaji Gerald Majola akiwa mnufaika mkubwa, bila ya kupitishwa na kamati ya bodi iliyopaswa kuidhinisha malipo.

Rais wa chama, Dk Mtutuzeli Nyoka, alitaka uchunguzi huru kutoka nje. Unadhani wajumbe walimshukuru? La hasha. Mwaka 2011 walimpigia kura ya kutokuwa na imani naye. Akaenda mahakamani, akashinda. Mwaka huohuo wakamwondoa kwa mara ya pili. Aliyepiga kelele za mwizi ndiye aliyetolewa nje ya nyumba.

Serikali ikaunda kamati chini ya Jaji mstaafu Chris Nicholson. Ripoti yake ya mwaka 2012 iligusa mzizi wa fitina. Pamoja na kushauri hatua dhidi ya mkurugenzi, ambaye alifukuzwa kazi Oktoba mwaka huo, ilisema bodi yenyewe ndiyo mgonjwa. Marais wa vyama vya mikoa walikuwa wamekaa katika viti viwili kwa wakati mmoja. Katika Baraza la Wanachama wao ndio waajiri wa bodi. Katika bodi wao ndio wanaogawa fedha. Na fedha zenyewe zinakwenda kwenye mikoa yao. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Jaji akashauri bodi ndogo yenye wajumbe wengi wa kujitegemea, wasio na mkoa wa kuutetea.

Je, ushauri ulifuatwa? Ulifuatwa nusu. Mwaka 2013 ikaundwa bodi ya watu 12, ambamo wajumbe wa kujitegemea walikuwa 5 tu na 7 wakabaki kuwa wale wale wa mikoani. Watu wakapiga picha, wakasema mageuzi yamekamilika. Na huu ndio ugonjwa ninaoogopa kuliko wizi wa wazi: mageuzi yanayoachiwa watu ambao mageuzi hayo yanakusudia kuwapunguzia nguvu. Kesi ya ngedere ukimpelekea nyani, usitarajie hukumu ya kushangaza.

Hesabu ililetwa mezani baada ya miaka sita. Desemba 2019 mkurugenzi mtendaji Thabang Moroe alisimamishwa, benki iliyokuwa mdhamini mkuu ikatangaza kutoongeza mkataba, na baadhi ya wajumbe wa bodi wakajiuzulu. Mwezi huohuo waandishi wa habari waliokuwa wakiandika kuhusu chama walinyang'anywa vibali vya kuingia viwanjani, kisha wakarudishiwa baada ya kelele. Agosti 2020 Moroe akafukuzwa, na rais wa chama akajiuzulu. Ikaandaliwa ripoti ya wachunguzi wa hesabu, na bodi ikasita kuitoa hadharani. Oktoba 2020 bodi nzima ikaachia ngazi.

Ningependa tusimame kidogo kwenye ile bonasi, maana ndiyo mlango ambao watu wema huingilia kwenye ubaya. Waliopokea bila shaka walijiambia: tumefanya kazi usiku na mchana, IPL imefana, hii ni zawadi ya jasho letu. Wasomaji wa gazeti hili wanakijua kisa cha yule mkusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi Madina akagawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari na kuuliza, kwa maana yake, kwa nini mtu huyo asingebaki nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo hiki kinatosha. Kama zawadi imekifuata kiti, basi ni mali ya wenye kiti. Na tuzingatie kwamba yule bwana hakuficha, alitangaza mwenyewe. Kutangaza peke yake hakukumsafisha, sembuse anayenyamaza.

Uhuru wa chama ni wa nani?

Serikali iliunda bodi ya mpito, iliyoanza chini ya Zak Yacoob, jaji mstaafu wa Mahakama ya Katiba. Kazi yake kubwa ilikuwa kutekeleza ushauri wa Nicholson uliokuwa umelala miaka minane. Baraza la Wanachama likakubali, kisha likageuka, kisha likakataa. Aprili 2021 Waziri wa Michezo Nathi Mthethwa akachukua hatua ya kukiondolea chama utambuzi wake kisheria, maana yake timu isingeweza tena kuitwa ya taifa. Manahodha watatu, Dean Elgar, Temba Bavuma na Dane van Niekerk wa timu ya wanawake, wakatoa tamko la pamoja la kuonesha hofu yao. Baada ya hapo Baraza likakubali. Juni 2021 ikapatikana bodi yenye wajumbe 8 wa kujitegemea na 5 wa mikoani, mwenyekiti akiwa wa kujitegemea, Lawson Naidoo.

Hapa lipo swali gumu. Baraza la Kriketi la Dunia (ICC) linakataza serikali kuingilia vyama. Julai 2019 lilikuwa limeisimamisha Zimbabwe kwa sababu hiyo, na Novemba 2023 likaisimamisha Sri Lanka. Sheria hiyo ina hekima yake. Sote tunazijua serikali zinazotaka kuteua hata kocha. Sasa kama uhuru wa chama ni jambo jema, kwa nini nimsifu waziri aliyeutishia?

Jibu langu ni hili. Uhuru wa chama si mali ya viongozi wake. Ni mali ya wale ambao chama kipo kwa ajili yao: mtoto wa Langa, mchezaji, mwalimu wa shule, mtazamaji anayelipa kiingilio. Kiongozi ameushika kwa niaba yao kama mlezi anavyoshika mali ya yatima. Mlezi anayekataa kuonesha hesabu kwa hoja kwamba jirani hana haki ya kuingia nyumbani kwa yatima, anamtumia yatima kama ngao. Lakini jirani anayeingia hana ruhusa ya kuhamia. Ndiyo maana naona kipimo cha haki ya kuingilia ni viwili: awe ametanguliza nasaha na muda, na akishatengeneza aondoke. Serikali ilikuwa imesubiri tangu ripoti ya 2012, waziri yule alitumia sheria iliyopo, na bodi iliyopatikana haikuwa ya kwake. Angeteua wajumbe kutoka chama chake cha siasa na kubaki nao, ningesema kinyume.

Hoja ya wapinzani

Wapo waliolipinga jambo hili si kwa tamaa bali kwa dhati, na hoja yao isidharauliwe. Wanasema: marais wa mikoa tumewachagua sisi, watu wa klabu za vitongojini. Hawa wa kujitegemea ni mawakili na wahasibu, nani kawachagua? Tulipigania kura miaka yote ile, leo tunaambiwa kura zetu haziaminiki na tuwaachie wasomi?

Ni hoja nzito, hasa katika nchi ambayo neno "uwezo" lilitumika muda mrefu kumfungia mtu mweusi mlango. Lakini tuipime. Kura humpa mtu haki ya kuwasemea waliomchagua. Haimpi haki ya kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe. Baraza la Wanachama halikufutwa, bado lipo na bado bodi inawajibika kwake. Kilichoondolewa ni kukaa pande zote mbili za meza. Na tukumbuke kwamba Nyoka, aliyetaka fedha zikaguliwe, alikuwa mtu mweusi, na kura ndiyo iliyotumika kumwondoa. Neno "mageuzi" likitumika kuzuia ukaguzi, anayeumia si mzungu mwenye uwanja wake. Anayeumia ni yule ambaye mageuzi yalitangazwa kwa jina lake.

Wala tusidanganyike kwamba wajumbe wa kujitegemea ni malaika. Desemba 2023, chini ya bodi hii mpya, Afrika Kusini ilitangaza kikosi hafifu cha kwenda kucheza mechi za Testi New Zealand, kikiwa na nahodha, Neil Brand, ambaye hakuwa amewahi kucheza Testi hata moja, kwa sababu wachezaji bora walibakizwa kwa ajili ya ligi ya SA20, ambayo timu zake zote sita zinamilikiwa na matajiri wa ligi ya India. Ligi hiyo inaleta fedha, na chama kilichokuwa taabani kinazihitaji. Lakini heshima ya timu ya taifa iliwekwa rehani, na hakuna rais wa mkoa wa kulaumiwa. Katiba nzuri huzuia mtu kujipa. Haimfundishi nini cha kutouza.

Tarehe 14 Juni 2025, katika uwanja wa Lord's mjini London, Afrika Kusini iliifunga Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa mechi za Testi, kombe lake la kwanza la ICC tangu mwaka 1998. Nahodha alikuwa Temba Bavuma, mtu ambaye kwa miaka mingi aliitwa mchezaji wa kujaza idadi. Alikuwa ameumia paja, akaambiwa apumzike, akaendelea kupiga huku anachechemea, na akafikisha mikimbio 66 ndani ya ushirikiano uliovunja nguvu za Waaustralia. Sitasema kwamba katiba ya mwaka 2021 ndiyo iliyoleta kombe. Hilo halithibitiki, na mchezo una sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba jina la kashfa lilijibiwa kwa kazi, na kwamba safari hii hakukuwa na bodi inayosambaratika nyuma ya wachezaji wakati wanapigana.

Ndugu msomaji, huenda huna hisa katika kriketi. Lakini huenda una hisa katika chama cha ushirika, klabu ya mpira, kamati ya shule au mfuko wa ukoo. Usianze kwa kuuliza kama viongozi ni watu wema. Wengi wao ni wema, na hata wale wa bonasi walikuwa na watu wanaowasifu. Uliza mambo matatu mepesi. Anayeidhinisha malipo ndiye anayelipwa? Anayemchagua mkaguzi ndiye anayekaguliwa? Na wa mwisho aliyetaka hesabu zisomwe hadharani, bado ni mjumbe, au alishaondolewa kwa kura?